Profesa aliyerudi kwa kila nyota

Mwezi wa Januari, giza likishakolea, toka nje uangalie kaskazini, juu, si mbali na utosi. Utakiona Kilimia, kishada kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana kama vifaranga chini ya mama yao. Wazee wetu hawakukitazama kwa kupitisha wakati. Jina lake limetoka kwenye kulima, na kuonekana kwake ndiko kulikowaambia watu lini washike jembe. Sasa nyoosha mkono, kunja ngumi, uiweke ubavuni mwa Kilimia kwa upande wa kusini, yaani kuelekea utosini. Kabla ngumi haijaisha, umeshafika mahali ambapo usiku wa tarehe 1 Januari 1801 mwalimu mmoja wa hesabu aliona nukta hafifu ya mwanga isiyokuwamo katika kitabu chochote cha nyota.

Aliitwa Giuseppe Piazzi. Alikuwa padri wa shirika la Wateatini, mwenye umri wa miaka 54, na alikuwa ameletwa Palermo, kisiwani Sicilia, miaka ishirini nyuma kufundisha hisabati. Nukta ile leo inaitwa Ceres. Vitabu vya shule humtaja kwa mstari mmoja: Piazzi aligundua asteroidi ya kwanza. Mstari huo ni wa kweli, lakini unamfanya aonekane kama mtu aliyeokota pochi njiani. Nimesoma habari za padri huyu kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuokota kitu. Alikuwa na desturi ya kurudi. Nyota aliyoipima leo aliirudia kesho, na kesho kutwa, na mtondo, hata kama hapakuwa na mtu duniani aliyeuliza habari za nyota hiyo.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1746 huko Ponte, katika bonde la Valtellina, kaskazini kabisa mwa Italia, chini ya milima ya Alpi. Alijiunga na Wateatini angali kijana, akasoma falsafa na hisabati, na kwa miaka mingi akaishi maisha ya mwalimu wa kuhamishwahamishwa: Genoa, Malta, Ravenna, Roma. Mwaka 1781 akaitwa Palermo kushika nafasi ya profesa wa hisabati katika chuo cha mfalme. Baadaye serikali ikataka Sicilia nayo iwe na kituo cha kuangalia nyota. Mtaalamu hakuwapo. Mwaka 1787 kazi hiyo akapewa yeye, mwalimu wa hesabu aliyekuwa amevuka miaka arobaini na ambaye jina lake halikuwa likijulikana kabisa miongoni mwa watu wa anga.

Hapa ndipo nilipoanza kumpenda. Hakujifanya anajua. Aliomba ruhusa, akafunga safari kwenda kujifunza kwa wanaojua, akaketi kama mwanafunzi mbele ya Jérôme Lalande mjini Paris, kisha akavuka kwenda Uingereza. Huko alishirikiana na Nevil Maskelyne, mkuu wa kituo cha Greenwich, na kupatwa kwa jua kwa Juni 1788 alikupima na kukuandikia taarifa. Alimtembelea pia William Herschel, yule mwanamuziki aliyejitengenezea darubini mwenyewe na kuiona sayari ya Uranus mwaka 1781. Darubini za Herschel zilikuwa ndefu kama minazi, na mtazamaji alipanda ngazi gizani ili alifikie tundu la kutazamia. Husimuliwa kwamba Piazzi aliteleza kwenye ngazi hiyo akavunjika mkono. Hilo halikumrudisha nyumbani. Alikuwa na jambo jingine London, nalo lilikuwa kubwa kuliko mkono.

Mjini London alikuwapo fundi wa vyombo vya kupimia, Jesse Ramsden. Barani Ulaya hapakuwa na mkono hodari kama wake, wala hapakuwa na fundi mwenye sifa mbaya kama yake ya kuchelewesha kazi. Wateja walisubiri miaka. Sote tunamjua fundi wa namna hiyo: kazi yake haina mfano, lakini ahadi yake ni ya kesho siku zote. Piazzi alimwagiza duara la shaba lenye kipenyo cha futi tano, likisimama wima kama gurudumu la mkokoteni, na darubini imefungwa katikati yake. Ramsden alianza, akaacha, akaanza tena. Piazzi hakuketi kusubiri. Alikwenda karakana. Akaenda tena. Akakaa naye, akamuuliza habari za kazi yake, akaandika makala ya kumsifu yakachapishwa Ufaransa, akarudi tena karakana. Agosti 1789 duara likakamilika, na kabla mwaka haujaisha likapakiwa melini kwenda Sicilia. Lipo Palermo hadi leo, katika jumba la makumbusho la kituo kilekile.

Kituo chenyewe kilijengwa juu ya mnara wa Santa Ninfa, katika jumba la wafalme wa Kinormani. Mji huo hauko mbali nasi kama ramani inavyotaka tuamini. Palermo ulikuwa mji wa Waislamu kwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Wanormani, na hata walipokuja, Mfalme Roger wa Pili alimweka barazani mwake mwanachuoni wa Kiarabu, al-Idrisi, aliyemaliza mwaka 1154 kitabu cha jiografia ya dunia pamoja na ramani zake. Ndani ya kitabu hicho imo pwani ya Zanji, imo Malindi, imo Mombasa. Kwa hiyo mji ambamo padri wetu aliketi kupima mbingu ndio uleule ambamo, zaidi ya karne sita nyuma, majina ya miji yetu yaliandikwa kwa wino.

Kupima nyota kwa duara la Ramsden kulikwenda hivi. Darubini haikuifuata nyota. Ilielekezwa kwenye mstari unaopita kaskazini, utosini na kusini, ikaachwa hapo, na nyota ndiyo iliyoingia yenyewe ndani ya kioo, kwa kuwa dunia inazunguka. Kiooni zilitandazwa nyuzi nyembamba sana. Mtazamaji aliweka jicho kwenye nyuzi na sikio kwenye saa ya ukutani: tik, tik, tik. Nyota ilipokuwa inakata uzi, alipaswa kuhukumu kwa akili, katikati ya mlio na mlio, ni sehemu ngapi za sekunde zimepita. Wakati huo ulimpa kipimo cha kwanza, cha mashariki na magharibi. Kisha alichukua mshumaa, akainama kwenye hadubini ndogo zilizofungwa ukingoni mwa duara, akasoma alama zilizochongwa kwenye shaba. Hicho kilikuwa kipimo cha pili, cha kaskazini na kusini. Msaidizi aliandika. Nyota inayofuata.

Alama zile zilimwezesha kufikia kwenye sekunde chache za digrii. Kama sekunde ya digrii ni neno tupu kwako, chukua sarafu, mpe mtu aisimamishe umbali wa kilomita tano, kisha ujaribu kuuona upana wake. Huo ndio udogo tunaouzungumzia, na kipimo hicho kilifanywa na mtu aliyeshika mshumaa, juu ya mnara, katika baridi ya Januari.

Kanuni yake ilikuwa kutoiamini nyota kwa usiku mmoja. Kila nyota aliipima mara nne au zaidi, usiku tofauti, ndipo akaiingiza katika orodha. Orodha nyingi za wakati ule zilikuwa na makosa ya kunakiliana, nyota moja ikiandikwa mara mbili, nyingine ikiwekwa mahali pasipo na nyota. Piazzi alikuwa akizisafisha. Ni kazi isiyo na makofi. Ni kama kuhakiki daftari la wapiga kura au kuhesabu magunia ghalani: ukifanya vizuri hakuna anayekusifu, ukikosea watu wote watajua.

Usiku wa mwaka mpya wa 1801 alikuwa akihakiki nyota moja iliyopewa namba 87 katika orodha ya zamani. Saa 2 na dakika 43 usiku, kabla tu ya nyota hiyo kufika, kiooni ikapita nyingine, ya daraja la nane, hafifu kuliko nyota yoyote tunayoweza kuiona kwa macho matupu. Akaipima kama alivyozipima nyingine. Usiku wa pili akairudia, kama kanuni yake ilivyotaka. Haikuwa pale alipoiacha. Ilikuwa imesogea dakika tatu na nusu hivi kwenda kaskazini na dakika nne kwenda magharibi. Dakika nne za digrii ni kama sehemu moja ya nane ya upana wa mwezi mpevu. Kwa macho yetu si kitu. Kwa duara la Ramsden ni mwendo mkubwa.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba amekosea yeye. Ningependa wanafunzi wetu wasimuliwe hapo, kuliko kukaririshwa tarehe. Alidhani usiku wa kwanza alisoma vibaya, au msaidizi aliandika vibaya. Usiku wa tatu akarudi: imesogea tena, kwa kiasi kilekile, kwa upande uleule. Usiku wa nne vilevile. Makosa hayana mwendo wa namna hiyo. Kosa huruka huku na huko. Kile kitu kilikuwa kinatembea kwa hatua zinazolingana.

Niliwahi kujaribu jambo hili mwenyewe, Tanga, juu ya paa la nyumba ya shangazi, nikiwa na darubini ya mkono ya kuazima na daftari la miraba. Ceres ikikaa upande ulio kinyume na jua huweza kuonekana kwa darubini ya namna hiyo, ukijua pa kutazama. Nilichora nyota zote nilizoziona katika kipande kidogo cha anga, kumi na moja, kila moja katika mraba wake. Usiku wa pili mawingu. Usiku wa tatu nikachora upya bila kutazama ukurasa wa kwanza, kisha nikaziweka kurasa mbili pamoja mbele ya taa. Nyota kumi zililaliana. Moja haikulaliana. Shangazi alikuja kuniuliza kama chakula nimekisahau, nikamwonyesha, akakaa kimya akitazama zile nukta mbili, kisha akasema, "Kumbe kinakwenda kweli." Nilijua tangu mwanzo kwamba itasogea, kwani nilishasoma. Hata hivyo mkono ulinitetemeka. Piazzi hakuwa amesoma popote.

Walikuwapo wengine waliokuwa wakikitafuta kitu hicho kwa makusudi. Palikuwa na hesabu moja iliyowatesa wataalamu wa Ujerumani. Chukua 0, 3, 6, 12, 24, 48, 96, uongeze 4 kwa kila moja. Unapata 4, 7, 10, 16, 28, 52, 100. Ukiuhesabu umbali wa dunia kutoka kwenye jua kuwa 10, basi Zebaki iko karibu na 4, Zuhura 7, Mirihi karibu na 15, Mshtarii 52, Zohali 95. Uranus ilipopatikana ikaangukia 192, na hesabu ilidai 196. Kila namba ilikuwa na mwenyewe isipokuwa 28. Pale palikuwa patupu, kama kiti kilichotengwa mezani na mgeni hajafika. Septemba 1800 wataalamu kadhaa walikutana Lilienthal, Ujerumani, wakiongozwa na Franz Xaver von Zach, wakagawana njia ya sayari vipande 24 ili kila mmoja alinde kipande chake. Walijiita polisi wa anga. Jina la Piazzi lilikuwamo katika orodha ya watu 24, ila barua ya kumwalika ilikuwa haijamfikia. Mgeni akapita mbele ya mlango wa mtu ambaye hata hakuwa na habari kwamba amewekwa zamu.

Piazzi aliogopa kutangaza. Tarehe 24 Januari aliandika barua kwa wenzake, akasema ameona kometi, ile ambayo wazee wetu waliiita nyota yenye mkia. Ila kwa rafiki yake Barnaba Oriani wa Milano alinong'ona zaidi: kitu hiki hakina ukungu wala mkia, na mwendo wake ni wa polepole na wa kulingana, kwa hiyo huenda kikawa kitu bora kuliko kometi. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeharibu njia za posta. Barua ilichukua zaidi ya miezi miwili kufika Milano. Wenzake walipoomba vipimo kamili, alichelewa kuvitoa, akitaka kwanza ajaribu mwenyewe kuikokotoa njia ya kitu chake. Walimnung'unikia, na simlaumu yeyote kati yao. Lakini mtu aliyetumia miaka kumi kusahihisha makosa ya wengine lazima ataogopa kosa lake mwenyewe kuliko watu wengine wanavyoogopa lao.

Alikipima mara 24, mpaka tarehe 11 Februari. Kisha akaugua, na kitu chenyewe kikaingia katika mwanga wa jua la magharibi. Wapwani wanalijua jambo hili kwa Kilimia: kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Kila mwaka Kilimia hupotea nyuma ya jua kwa siku arobaini hivi, kisha huchomoza upande wa pili alfajiri. Lakini Kilimia ni nyota. Kitazuka pale pale miongoni mwa jirani zake. Kitu cha Piazzi kilikuwa msafiri. Kingezuka baada ya miezi mingi mahali ambapo hakuna aliyepajua, nukta moja hafifu katika maelfu ya nukta zinazofanana nayo. Njia yote aliyokuwa ameipima ilikuwa tao la digrii tatu hivi, upana wa vidole viwili vya mkono ulionyooshwa. Ulaya nzima ikaanza kuogopa kwamba kimepotea.

Kilirudishwa na hesabu. Vipimo vya Piazzi vilichapishwa Septemba 1801 katika jarida la von Zach, vikamfikia kijana wa miaka 24 huko Braunschweig, Carl Friedrich Gauss, ambaye mwaka uleule alikuwa ametoa kitabu kikubwa cha nadharia ya namba. Fikiri uko ndani ya mashua inayokwenda usiku, na mbali unaona taa ya chombo kingine. Unajua taa iko upande gani. Hujui iko umbali gani, wala inakwenda kasi gani, na wewe mwenyewe unasogea. Ndivyo tulivyo juu ya dunia. Wakokotozi wengine walianza kwa kudhani: njia ni duara, au ni ile ya kometi. Gauss hakudhani zaidi ya kile Kepler alichokithibitisha, kwamba njia ni duaradufu na jua limekaa kwenye kitovu kimojawapo. Kutoka kwenye vipimo vya siku chache akatafuta namba sita zinazotosha kuieleza njia yote, kisha akazirekebisha mpaka vipimo vilivyobaki vikakubaliana nazo.

Kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu na majedwali ya logi. Nami nilifundishwa majedwali hayo sekondari, kile kijitabu chembamba chenye safu za tarakimu, na mwalimu aliyenifundisha hakuwahi kusema yalitumika kwa nini. Tulichapwa kwa ajili yake. Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba watu wa nyota ndio waliokuwa wa kwanza kuyafurahia, kwa kuwa yalifanya kuzidisha kuwe kujumlisha na kuwaokolea usiku mwingi wa kazi. Kama tungeambiwa kwamba kwa majedwali yale sayari iliyopotea ilirudishwa, nadhani wengi wetu tusingekimbia somo.

Gauss alionyesha mahali palipokuwa mbali na pale wengine walipotabiri. Von Zach akatazama hapo Desemba 7, akaona kitu cha kutilia shaka, mawingu yakaziba. Usiku wa Desemba 31 akakithibitisha. Usiku uliofuata, tarehe 1 Januari 1802, Heinrich Olbers wa Bremen naye akakiona. Mwaka mmoja kamili tangu mnara wa Palermo.

Piazzi alikiita Ceres Ferdinandea: Ceres kwa jina la mungu wa kale wa nafaka, mlinzi wa Sicilia, na Ferdinandea kwa heshima ya mfalme wake. Wataalamu wa nchi nyingine walilidondosha jina la mfalme, la nafaka likabaki. Mimi hufurahi kila ninapofikiri kwamba kitu kilichopewa jina la mavuno kilionekana mara ya kwanza karibu na nyota ya wakulima. Mwaka 1803 metali mpya iliyogunduliwa ikaitwa seriamu kwa ajili yake. Ndiyo iliyomo katika kijiwe cha kiberiti cha gesi. Kila unapokiwasha, cheche ile ina jina la nyota ya Piazzi.

Mfalme Ferdinand alitaka kumtengenezea medali ya dhahabu yenye sura yake. Piazzi aliomba fedha hizo zinunue darubini ya kituo. Na Gauss, alipopata mtoto wa kwanza wa kiume mwaka 1806, alimpa jina la Joseph, ndiyo Giuseppe kwa Kijerumani. Padri asiyekuwa na mtoto akapata somo wake Ujerumani.

Kuhusu cheo cha Ceres mabishano yaliendelea. Mwaka 1802 Olbers aliona kitu cha pili katika eneo lilelile, Pallas, na Herschel akapendekeza vyote viitwe asteroidi, yaani vinavyofanana na nyota. Piazzi hakulipenda neno hilo, yeye alipendelea viitwe planetoidi, yaani vinavyofanana na sayari. Ile hesabu ya 28 nayo ilianguka Neptune ilipopatikana mwaka 1846 mahali ambapo hesabu hiyo haikupatarajia. Mwaka 2006 Ceres ilipewa cheo cha sayari kibete, pamoja na Pluto. Mwaka 2015 chombo cha Dawn cha Marekani kilifika na kuizunguka, kikatuma picha za madoa meupe ya chumvi sakafuni mwa shimo kubwa. Kipenyo chake ni kilomita 940 hivi, takriban safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma.

Piazzi mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi kwenye orodha yake. Ilitoka mwaka 1803 ikiwa na nyota 6,748, na toleo la 1814 likawa na 7,646. Zidisha kwa nne, kisha ukumbuke mshumaa. Katikati ya kazi hiyo serikali ilimpa nyingine ambayo naiona inafanana nayo sana: kuleta utaratibu katika vipimo vya Sicilia, ambako kila mji ulikuwa na uzani na ujazo wake, kama pishi na kibaba vilivyotofautiana kwetu soko kwa soko na maskini akapunjwa kila alipovuka mpaka. Kanuni mpya ya vipimo ilitoka mwaka 1812, na aliyeiandika ni mtu yuleyule wa sekunde za digrii.

Katika orodha ya 1814 nyota mbili za kundi la Pomboo zilikuwa na majina ya ajabu, Sualocin na Rotanev. Miaka mingi watu walishindwa kujua ni lugha gani. Soma kutoka nyuma: Nicolaus Venator. Ni jina la msaidizi wake, Niccolò Cacciatore, likiwa katika Kilatini. Venator ni mwindaji, na cacciatore pia ni mwindaji. Nani aliyeyaingiza, mwalimu au mwanafunzi, sijali sana. Mtu aliyekuwa akiandika namba gizani, wakati mwingine akisoma na saa, alistahili nyota mbili. Ndiye aliyekuja kurithi kituo.

Piazzi alifariki Napoli tarehe 22 Julai 1826, akiwa ameitwa huko kusimamia kituo kipya cha Capodimonte. Kati ya nyota zote alizozirudia, moja ilimshangaza karibu kama Ceres. Iko katika kundi la Cygnus, namba 61, hafifu lakini inaonekana kwa macho panapokuwa na giza la kweli. Alipolinganisha vipimo vya miaka aligundua kwamba inasogea angani kuliko nyota nyingine alizozijua, akaiita nyota irukayo. Alihisi kwamba nyota inayokwenda hivyo lazima iko karibu. Friedrich Bessel aliupima umbali wake mwaka 1838, na 61 ya Cygnus ikawa nyota ya kwanza ambayo umbali wake ulitangazwa kwa kipimo cha kuaminika.

Kutoka kwetu huonekana upande wa kaskazini, jioni za Septemba na Oktoba. Inakwenda sekunde tano na kidogo za digrii kila mwaka. Tangu padri azikwe, imeshasogea zaidi ya nusu ya upana wa mwezi.